Jamani, Mimi Sikuponywa Mgongo

Naandika leo Jumanne kwa sababu Mama D, mwenzangu wa jumuiya, ameshaniwahi kuisimulia habari yangu. Nimejuaje? Jana jioni nimekwenda gengeni kununua nyanya, na muuza genge wetu, ambaye wala hasali kwetu, kanifungia nyanya zangu taratibu, kanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, kisha akasema, "Mama Neema, hongera kwa muujiza." Nikamuuliza muujiza upi. "Si ule wa kutambaa kilomita nne, mama yangu!"

Wapendwa, mimi sikutambaa kilomita nne. Nilitambaa mita moja na nusu, na ile nusu ndiyo iliyoniponza.

Kwa hiyo kaeni niwahadithie mwenyewe kabla habari haijapanda basi kwenda Machame kwa mama mkwe. Ikishafika kule, hakuna tena kusahihisha.

Mnaonifuatilia mnajua kwamba tangu Juni niko kwenye mazoezi. Kwa wageni: nilimpeleka mtoto hospitali na kikohozi chake, nesi akasema, mama, na wewe hebu kaa tukupime presha. Mashine ikasoma 152 kwa 96. Nesi akaitazama mashine, akanitazama mimi, akahamia mkono wa pili, kana kwamba ule wa kwanza ulikuwa unanisingizia. Kisha mizani: kilo 94. Daktari akauliza nakula nini. Nikajibu kwa unyenyekevu wote, "Chakula cha kawaida tu, dokta." Sikumwambia kwamba mwezi ule peke yake nilikuwa na kicheni pati mbili, sendofu, kipaimara na arobaini, na kote huko ukisema pilau inatosha unaonekana unajidai, ukikataa soda watu wanaanza kunong'ona una mimba au una sukari.

Basi nikaanza kukimbia. Mpango wangu ni kwamba Februari tukienda Moshi kwa kina Baba Neema, niingie kwenye Kilimanjaro Marathon. Msicheke. Kuna wa kilomita 42, kuna wa 21, na kuna sisi wa 5, tunaokwenda na watoto na miavuli. Mimi nataka zile tano tu, lakini nizimalize nikiwa nakimbia, sio nikiwa nimeshikwa makwapa na watu wawili.

Ila nyie, mama kukimbia katika mitaa yetu ni kazi. Mwanaume akikimbia asubuhi ni mwanamazoezi. Mama akikimbia, kaibiwa. Wiki ya kwanza bodaboda mmoja alinifunga breki pembeni, "Mama, kaelekea wapi?" Nani? "Mwizi!" Jirani yangu mwingine alitoka na mwiko. Na nilipopungua kilo sita, badala ya hongera, wifi kanipigia simu kuuliza kama ndoa ina amani. Baba Neema naye, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, hakimbii, anatoa maelezo. Ndiye aliyenifundisha kwamba zile hatua 10,000 tunazohesabu kila siku hazikutoka kwa daktari yeyote, zilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa. Nikamwambia asante mwalimu, kitambi chako nacho kilitoka nchi gani?

Sasa mbwa. Hamtaelewa kitu bila mbwa.

Mbwa wetu anaitwa Mtaumbuka. Jina sikumpa mimi! Alikuwa wa dada mmoja mpangaji wa nyumba ya jirani, ambaye alikuwa hasikilizani na wapangaji wenzake kwa ajili ya LUKU, nani kaweka umeme na nani kapiga pasi. Jioni, wenzake wakishakaa barazani, yeye anafungua dirisha na kumwita mbwa wake kwa sauti ndefu: "Mtaumbukaaa!" Mijini kila mtu ana njia yake ya kufikisha ujumbe. Wengine wana kanga, wengine wana nyuma ya daladala, yule dada alikuwa na mbwa. Alipohama akamwacha, na mbwa akaja kwetu kufuata ukoko wa ubwabwa, akabaki.

Nimejaribu kumbadilisha jina. Nilimwita Bahati, akanitazama kama anayesubiri niwe serious. Watoto wanamwita Mtau, na Mtau anaitikia kama umeshika nyama. Akiwa na shughuli zake, haitikii kingine chochote ila jina lake zima, tena uvute ile silabi ya mwisho kama yule dada. Mimi nimelelewa kwamba mbwa ni askari: analala nje, anakula dona na dagaa, hapigwi picha. Wanangu wanamfunika blanketi. Nimeshasema katika nyumba hii mbwa haingii sebuleni nikiwa hai, na huwa namwambia hivyo hivyo akiwa sebuleni.

Lakini barabarani ananifaa. Watu hawaniulizi tena mwizi kaelekea wapi. Ili mikono iwe huru, huwa najifunga kamba yake kiunoni, na Neema, ambaye ni skauti shuleni kwao, ndiye anayefunga fundo. Anasema ni fundo ambalo hata ng'ombe halifungui. Weka hilo akilini.

Jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nyumba kwa nyumba. Naipenda jumuiya yangu. Ila mwezi uliopita lilitokea somo la mavazi ya mama wa Kikristo, na taiti zikatajwa kwa jina, na nikaona kama macho yote yako kwenye mapaja yangu ingawa nilikuwa nimevaa dera. Mzee wetu wa kanisa akaongezea kwamba hata Paulo alimwandikia Timotheo kuwa kuuzoeza mwili kwafaa kidogo. Nilitaka kusema, mzee, kidogo si sifuri. Lakini nilikuwa na andazi mdomoni, na hoja yangu ingekosa nguvu.

Sasa Jumamosi hii iliyopita ratiba yangu ya mazoezi iliandika: kilomita 5 bila kusimama. Mara ya kwanza! Na baada ya saa mbili jua la Dar si la mtu wa kilo 88. Ijumaa usiku nikaingia kwenye kundi la jumuiya, nikaandika: "Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kesho sitaweza kufika, mgongo umenibana. Naomba mniombee." Nikaweka na vile vikono vya kuomba, vitatu. Kisha, kwa aibu ya kuona watu wema wananipa pole, nikazima sauti ya kundi na kugeuza simu kifudifudi.

Kosa la kwanza hilo. Maana saa tatu usiku ukaingia ujumbe ambao sikuusoma: mama mwenye zamu amepata msiba, jumuiya inahamia kwa Bibi wa Kona.

Kosa la pili ni Baba Neema. Nilimwambia, "Wakiuliza, sema mgongo." Neno moja. Lakini mume wangu hajui kudanganya, na mtu asiyejua kudanganya akilazimika hujaza chumvi mpaka chakula hakiliki. Baadaye nimeambiwa alichosema: "Tangu usiku hajageuka. Watoto ndio wamemnywesha uji." Uji! Kwa kijiko!

Mimi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa tayari naishuka Goba na Mtaumbuka, hewa baridi, nimevaa taiti nyeusi ya magoti, fulana ya Baba Neema ya mahafali ya darasa la saba, na raba mpya za rangi ya chungwa. Nilipita kwa furaha nikiitazama nyumba niliyodhani wanasali, kwa mbali upande wa pili wa bonde, nikajipongeza kwa akili. Kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sijasimama. Programu ya simu, ambayo nimeifunga mkononi, hunisemesha kila dakika tano kwa Kiingereza cha dada wa Marekani, na dada wa Marekani alikuwa ananisifia. Nikageuza kurudi nyumbani. Njia ya kurudi inapita kwa Bibi wa Kona.

Bibi wa Kona ana ua wa michongoma, mnene kuliko ukuta, na chini yake kuna tundu ambalo wajukuu zake wamelizoea kufuatia mpira. Na Bibi wa Kona, kwa kuwa ni mama wa zamani anayejua kukirimu, alikuwa ameshainjika sufuria ya supu ya kongoro kwa ajili ya chai baada ya ibada.

Nilisikia harufu. Nikasema moyoni, kongoro hilo, na mimi nina presha. Mtaumbuka hana presha.

Sikuona alivyoingia. Nilichoona ni mkia, halafu hakuna mkia, halafu kamba inakwisha. Mbwa yule koko, mwenye mbavu za kuhesabika, alinivuta kiuno kama ndoo inavyovutwa kisimani. Nikapiga magoti. Nikaona tundu linanijia. Na kabla sijasema chochote kichwa changu na mabega vilikuwa ndani ya boma la watu na sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ilikuwa bado barabarani.

Hapa nitakwenda polepole kwa sababu Mama D hapa ndipo anapodanganya.

Kwanza nikajaribu fundo. Halifunguki hata kwa ng'ombe. Pili nikainua macho. Mbele yangu, hatua kama saba, chini ya mwembe, duara la viti vya plastiki. Migongo na nyuso ninazozijua. Kile kitenge cha Mama D. Lile shati la Baba Neema, ambalo mimi mwenyewe nimelipiga pasi. Wote wamefumba macho, wameinamisha vichwa. Mzee wa kanisa amesimama, anaomba, na ameshafika kwenye taifa.

Wanaomjua mzee wetu wanajua maana yake. Akianza na taifa, huja mvua, huja wanafunzi wa darasa la saba, huja wajane, ndipo wagonjwa. Nilikuwa na kama dakika sita. Nikafikiria kurudi nyuma. Nikarudi nyuma kidogo, michongoma ikaniambia hapana. Miiba ile imeumbwa kama ndoano: kuingia ruksa, kutoka mpaka kibali. Fulana ya mahafali ikanasa mgongoni, taiti ikanasa nyuma.

Wakati huo Mtaumbuka alikuwa ameshaliona jiko, ila kamba haifiki. Akatafuta kilicho karibu. Mzee wetu ana kidole kinachomsumbua, kwa hiyo akikaa sana huvua kiatu cha kushoto na kukiweka pembeni. Kiatu cheusi, cha kamba, kimepakwa kiwi. Mbwa akakinyooshea shingo. Bado nusu hatua. Akavuta. Mimi ndiye nanga, nanga ikasogea inchi mbili. Akavuta tena. Nanga ikasogea.

"Mtau," nikanong'ona. "Mtau, mwanangu. Njoo. Njoo kwa mama."

Hata sikio halikutikisika.

"Bahati," nikasema, kwa kukata tamaa.

Mzee akasema, "Na tena, Bwana, uwakumbuke wote walioshindwa kufika mahali hapa asubuhi ya leo kwa sababu mbalimbali. Wewe unazijua sababu zao. Wewe unayeichunguza mioyo, hakuna lililofichika mbele zako..."

Akanyamaza kidogo, kama anavyofanya, ili maneno yaingie. Na katika ule ukimya mbwa akakidaka kiatu, na mdomo wangu, pasipo ruhusa yangu, ukafunguka:

"Mtaumbukaaa!"

Jamani. Sauti ilitoka chini, kwenye majani. Yangekuwa mabasi yanapita, yangekuwa majogoo, hakuna. Ilitoka ikasambaa chini ya ule mwembe kama imepigiwa spika. Mtu mmoja akaitikia "Amina" kwa mazoea. Mama mmoja akaanza kulia, "Nirehemu, Bwana." Na kuna kaka mmoja, sitamtaja, anayedaiwa ahadi ya ujenzi tangu Pasaka: huyo niliona kwa macho yangu mkono wake ukiingia mfuko wa nyuma na kuanza kupapasa pochi, macho bado yamefumbwa.

Mzee wa kanisa hakuyumba. Huyo ndiye mzee. Alimeza mate, akasema, "Asante kwa kusema nasi," akaruka mvua, akaruka darasa la saba, akaenda moja kwa moja kwa wagonjwa.

"Tunamleta kwako Mama Neema."

Nikafumba macho. Sikuwa naomba. Nilikuwa nafuata ile imani ya mtoto kwamba usipoona, huonekani.

"Amelala kitandani, Bwana, hawezi kugeuka. Ananyweshwa uji." Nikasikia Baba Neema akikohoa. "Popote alipo asubuhi hii..." Wanawake wakaitikia, popote alipo, Bwana. "...nyosha mkono wako sasa hivi. Uguse mgongo ule!"

Na wakati huo huo mbwa akavuta kwa nguvu zake zote, na mwiba mmoja wa mchongoma, mrefu kama sindano ya kushonea magunia, ukaugusa mgongo ule.

"YESU WANGU!"

Macho yote yakafunguka.

Naomba mjiweke mahali pao. Wanamwombea mgonjwa asiyeweza kugeuka. Wanafumbua macho, na mgonjwa yupo. Yuko chini, kwa mikono na magoti, ametokeza kwenye ua kama kobe, vumbi mpaka kwenye kope, jasho linatiririka, anatetemeka, kamba kiunoni. Hakuna aliyesema neno kwa muda ambao mimi niliuona kama Kwaresima. Ndipo Bibi wa Kona, miaka themanini na ushee, akasimama bila fimbo, akainua mikono:

"Amekuja kutambaaa! Mgongo umemshinda, amekuja kutambaa kufuata maombi!"

Wee! Hapo nilikuwa na nafasi. Nakubali. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema, hapana Bibi, nimemfuata mbwa. Sentensi fupi. Nilifungua mdomo kuisema. Lakini duara lilikuwa limeshavunjika, watu wamenijia mbio, mikono minane imetua kichwani kwangu, kila mmoja anaomba kwa kasi yake, na mwenye mkono mzito kuliko wote alikuwa mzee wa kanisa, mguu mmoja wa soksi. Nikilazimisha kuinua uso, wanausukuma chini kwa upendo.

Ndipo simu mkononi, dada wa Marekani, dakika zake tano zilipotimia, akatangaza kwa sauti ya furaha.

Maombi yakakatika. Watu wakatazamana. Kuna mjukuu wa Bibi, kidato cha pili, mtoto anayefanya vizuri sana Kiingereza, Mungu amsaidie. Bibi akamuuliza, "Amesema nini huyo?"

"Anasema," mtoto akatafsiri kwa ufasaha wote ambao ada za baba yake zimelipia, "umemaliza kilomita nne."

Nikasema moyoni, basi, ndiyo mwisho. Nimekamatika. Na kusema kweli nilijisikia nafuu.

Bibi akashika kifua. "Kilomita nne," akasema polepole. "Kwa magoti."

Vigelegele!

Nikamtafuta mume wangu katika ule umati. Alikuwa amebaki kitini peke yake. Macho bado ameyafumba. Limeombewa taifa zima, yeye kimya, watu wamepiga vigelegele, yeye kimya, kafumba, kama dereva aliyeona trafiki. Nikawakumbuka Anania na Safira. Mume alisema uongo, mke akaja baadaye akaulizwa, na sote tunajua walivyotolewa, miguu mbele. Tofauti ni kwamba Safira aliingia kwa mlango.

"Mama Neema," mzee wa kanisa akaniinamia, sauti imejaa machozi, "unajisikiaje?"

Wapendwa, nilitazama zile nyuso. Mama niliyemsikia analia. Bibi bila fimbo. Nilitazama raba zangu, lakini hazikuonekana, zilikuwa bado barabarani. Nikasema:

"Amina."

Hilo ndilo neno langu pekee siku ile. Mama D anaeneza kwamba nilitoa ushuhuda wa dakika kumi. Sikutoa. Nilisema amina, na amina, ukiiangalia vizuri, si jibu la swali.

Baba wawili wakanishika makwapa (ndiyo, yale yale makwapa niliyoapa hayatashikwa) wakavuta. Michongoma ikakataa. Wakavuta tena kwa jina la Yesu. Nikasikia mlio, mrefu, kama mtu anapasua kanga vipande viwili, na nikajua taiti imebaki kwenye ua, walau ile sehemu yake inayofunika mahali Mungu alipotuwekea mto wa kukalia. Nikasimama wima kwa mshtuko. Wima kabisa. Nafikiri tangu nijifungue wa mwisho sijawahi kusimama wima kiasi kile.

"Amesimamaaa!"

Wakaanza kuimba. Ndipo Baba Neema akafumbua macho, akaona kinachopaswa kufunikwa, akavua koti na kunifunga kiunoni haraka, kitendo pekee cha maana alichofanya asubuhi ile. Kijana mmoja akaleta kisu cha jikoni na kukata kamba ili "nifunguliwe vifungo", na mbwa, alipoona yuko huru, akaondoka na kiatu cha mzee kwa mwendo wa kilomita 21.

Mama D akanikumbatia kwa nguvu. Mama D ni muuguzi. Akaninong'oneza sikioni, huku anatabasamu kwa wengine: "Kutoka kwako mpaka hapa ni mita mia sita. Hizo nyingine ulitambaa kupitia Bagamoyo?" Halafu kwa sauti, mbele ya watu: "Huyo mbwa ana chanjo?" Anayo, jamani. Kadi ya chanjo ya kichaa ipo nyumbani, na ya mwaka huu tunarudia Septemba hii hii. Kama kuna siku nimejivunia kadi ile ni siku hiyo. Lilikuwa jambo pekee la kweli nililokuwa nalo.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Nilikunywa supu. Nikalala mchana kutwa, mgongo sasa unauma kweli kwa ule mwiba. Jioni nikaona kwenye kundi nimepangwa kutoa shukrani kanisani Jumapili, ibada ya kwanza, mbele ya usharika mzima. Nikampigia mchungaji. Nikamweleza kila kitu mpaka taiti. Kimya. Nikadhani simu imekatika, kumbe ameiweka mezani ili acheke vizuri. Aliporudi akasema shukrani nitaifuta mimi mwenyewe, kwenye lile lile kundi nililoandikia mgongo. Saa nne usiku nikaandika. Tiki za bluu zikafika ishirini na saba. Hakuna aliyejibu mpaka asubuhi, Bibi wa Kona alipotuma sauti ya dakika nne, nyingi zake ni kumuuliza mjukuu kama imeanza kurekodi. Kisha: "Mwanangu, umesema uongo, na Mungu amekuumbua kwa mbwa. Mimi nimekusamehe. Ila goti langu tangu Jumamosi halijauma, kwa hiyo haleluya yangu siirudishi."

Ungamo langu limeishia kwenye kundi. Stori ya Mama D imefika gengeni. Ndiyo kasi ya mji huu.

Jumamosi hii jumuiya ni kwangu. Nimekubali chapati sitini na nitazisukuma mwenyewe. Nitavaa gauni. Mbwa atafungwa kwa jirani, kwa fundo la Neema. Kilomita tano nazimaliza Alhamisi alfajiri, na kama kuna ninayemkwaza aniambie kabla, sio kwa somo. Na kwa yule kaka wa ahadi ya ujenzi, aliyelipa yote Jumapili na Baba Neema akamwandikia risiti: ndugu yangu, kama unasoma, ilikuwa mbwa. Hela hairudi.

Kilichobaki ni kiatu. Mzee alirudi kwao na kandambili ya Bibi mguu wa kushoto, ya pinki. Nimemfuata Mtaumbuka siku tatu, nimechimba chini ya mpapai, nimechimba nyuma ya choo, nimepata mfupa, soksi ya shule na rimoti ya televisheni tuliyomsingizia dada wa kazi mwaka jana. Kiatu sijakipata. Ni cha kushoto, cheusi, cha kamba, namba 43. Mkikiona popote kati ya Goba na Makongo, nitumieni ujumbe, msipige. Sipokei simu wiki hii.